Mlango wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Kipande kilifika Chang'ombe juu ya guta,
kimefunikwa turubai kama mtu aliyefia njiani.
Chilewa, mfua sufuria, akanigongea dirisha:
"Babu Mhembano, wewe uliyekula mshahara wa ndege,
njoo unisomee mzigo huu kabla sijauyeyusha."

Nikaenda na miwani na fimbo.
Vumbi la Dodoma lilikuwa limeshamkaribisha.
Nikapangusa kwa kiganja: ribiti kumi na nne,
moja imepinda, na pembeni muhuri wa karakana,
namba sabini na moja.
Namba yangu.

Nilinyamaza.
Chilewa akadhani napiga hesabu ya kilo.

Huyu nilimjua akiwa mzima: tumbo pana,
vichochoro viwili kati ya viti, injini tatu,
ya tatu mkiani, juu kabisa,
nilikokuwa nikipanda na kurunzi mdomoni.
Mafuta aliyanywa kama ng'ombe wa Bahi
wanavyokunywa maji mwezi wa kumi.

Dada yake alianguka. Nchi ya mbali, mchana kweupe.
Komeo la mlango wa shehena halikufika mwisho,
na aliyelifunga alikuwa ameambiwa afanye haraka.
Mlango ukang'oka angani, sakafu ikakunjika;
mengine sikuyasema mbele ya kijana wa guta.

Baada ya hapo tulifumua kila mlango.
Tukaweka kidirisha, kidogo kama jicho la kuku:
usiuamini mkono wako, chungulia,
uione pini imeingia.
Nimechungulia miaka ishirini na sita.
Kila alipopaa, alitua.

Lakini komeo lina fundi; jina halina.
Abiria waliuliza kaunta kwa sauti ya chini,
"Ni ile?"
na binti wa tiketi akitabasamu
kama muuza samaki wa jana.
Wakamnyang'anya watu, wakampa maua na minofu,
wakamhamishia usiku, asionekane.
Barua yake ya kustaafu, nadhani, ilikuwa fupi kama yangu.
Akakaa miaka tisa pembezoni mwa uwanja kule Pwani,
kunguru wakitotoa kwenye ile injini ya juu,
hadi walipokuja wenye misumeno na mizani.

Jumanne Chilewa alimtia motoni.
Nilidhani atakuwa mbishi. Alilainika upesi,
upesi kuliko makopo ya soda.
Povu jeusi likaenguliwa. Sufuria tisa.

Nane zilinunuliwa Majengo bila maneno.
Ya tisa ikaangukia kwa Mama Sechelela, muuza ugali wa uwele,
na Chilewa, mdomo haujui likizo, akamweleza ilikotoka.
"Ndege ile? Ile ya kuanguka? Niwapikie watu humo?"
Akaigonga kwa mwiko, akaitegea sikio.
Akaiinua juani akitafuta ufa.
Akanigeukia: "Babu, ni salama?"

Mimi niliyetia muhuri mara zisizohesabika
nikakuta neno limenikwama.
Nikasema, "Mwenzake alifungwa vibaya. Huyu nilimfunga mimi."
Akashusha bei mpaka nusu,
akaondoka nayo akisema ni ya kumwogeshea mjukuu.

Jana nilipita kwake saa saba mchana.
Ilikuwa juu ya mafiga matatu, imejaa mlenda,
mfuniko unacheza.
Watu kumi na mmoja kwenye mabenchi,
hakuna aliyeuliza ni ile.
Mjukuu alikuwa akioga kwenye ndoo.

Nikainama, mkono ukaenda wenyewe:
bonyeza, zungusha, vuta mara mbili.
Kisha nikainua ukingo kidogo, nikachungulia.

"Babu, unatafuta nini humo?"

Miwani ilikuwa imejaa mvuke.
"Pini," nikasema,
na mama wa watu akaniongezea kijiko.